Mwenyekiti wa Patamu

Fulana aliyopewa Tabitha Masatu mlangoni mwa ukumbi ilikuwa nyeupe, ya pamba nzuri, na mgongoni ilikuwa imeandikwa kwa herufi kubwa za bluu: MNUFAIKA. Aliishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota samaki aina ya furu aliyeachwa juani tangu jana. Akamuuliza binti aliyekuwa anazigawa, yeye ananufaika na nini. Binti hakuwa na ubaya. Alitabasamu, akasema mama ananufaika na mradi wa kuhifadhi vipande vikuu vya sinema katika Kanda ya Ziwa.

Kazi hiyo ya kuhifadhi aliianzisha Tabitha mwenyewe, ndani ya banda la mabati huko Kamunyonge, na aliianzisha kama utani.

Nimekaa na hasira hii tangu siku ile na sioni sababu ya kuificha. Mtu anaweza kuibiwa baiskeli akanyamaza. Lakini kuibiwa utani wako, halafu ukavishwa fulana inayokutaka ushukuru, hilo linahitaji kuelezwa polepole, kuanzia mwanzo, ili anayesikia naye ajue ni nini kilichochukuliwa.

Tabitha alizaliwa kijijini, upande wa Butiama, katika nyumba ambayo wasichana walitangulia na wavulana wakachelewa. Kwa hiyo fimbo ya kuchungia alipewa yeye. Baba yake hakuwa tajiri, lakini ng'ombe wachache aliokuwa nao hakuwaweka wote katika zizi moja. Mmoja alikuwa kwa shemeji yake Bunda, wawili kwa rafiki wa ujana wake karibu na Buhemba, mwingine kwa mjane aliyehitaji maziwa ya watoto. Ndivyo wafugaji wa kwetu wanavyofanya. Ugonjwa ukiingia zizi moja, au wezi wakija, mtu habaki mikono mitupu. Na sheria za ng'ombe wa kutunziwa kila mtoto anazijua kabla hajajua kusoma. Maziwa ni ya anayetunza. Ndama ni wa mwenye ng'ombe, na akizaliwa lazima upeleke habari. Ng'ombe akifa, unapeleka ngozi. Usipopeleka ngozi, hujafiwa, umekula.

Hayo yote Tabitha aliyajua, ila hakudhani yatamfaa mjini. Aliolewa Musoma na fundi wa kiwanda cha nguo, mtu mpole. Kiwanda kilipofungwa, mume alirudi nyumbani na ukimya, na ukimya huo haukumtoka mpaka alipofariki. Alimwachia mkewe binti mmoja, Brenda, na televisheni kubwa ya zamani yenye kisogo. Mama Brenda aliuza dagaa kwa muda. Alipochoka kukimbizana na mvua wakati dagaa wameanikwa, alizungushia uwanja wake mabati, akatundika turubai jeusi, akapanga mabenchi ya mbao zisizopigwa randa. Ndiyo maana mabanda ya namna ile watu huyaita vibanda umiza. Ukikaa sinema nzima, unatoka umeumia.

Filamu nyingi zilikuwa za Kihindi na za Kichina, na hapakuwa na mtu aliyejua lugha hizo. Tabitha alisimama pembeni ya televisheni akieleza. Maneno hakuyajua; alisoma sura za watu. "Huyu anasema samahani lakini haombi msamaha," aliwahi kusema, na banda zima likakubali, kwa sababu nalo lilikuwa limeona vilevile.

Shida ilikuwa umeme. Watu wa Kamunyonge waliapa kwamba umeme nao ulikuwa unatazama. Filamu ikiwa mwanzoni, watu wanatembea tu na kuimba milimani, unawaka vizuri bila hata kupepesa. Filamu ikifika patamu, giza.

Miaka hiyo hiyo mkoa ulikuwa umejaa mashirika. Ukitoka Musoma kwenda Bunda ulisoma mabango njia nzima: la yatima, la mazingira, la wasichana, la wavuvi, mengine yamepauka kiasi cha kutojulikana yalimsaidia nani. Tabitha, kwa kuwa alikuwa mjane mwenye biashara, aliitwa kwenye semina zao mara nyingi. Alikula maandazi yao, akanywa soda zao, akarudi na lugha yao yote kichwani: wadau, walengwa, changamoto, kujengewa uwezo. Jioni aliwaigiza majirani zake namna afisa fulani alivyoeleza umaskini kwa mishale na maduara, na majirani walishika mbavu, kwa sababu umaskini waliujua lakini hawakujua kama una mishale.

Sasa, Jumamosi moja mchana, banda likiwa limejaa, ilikuwa inaonyeshwa filamu ya Kihindi ya zamani. Mama mmoja anauza maua kwenye stesheni ya treni. Mtoto wake wa kiume aliibiwa akiwa mdogo. Leo mtoto huyo ni inspekta wa polisi, anapita stesheni na kofia yake na askari nyuma yake. Mama anamwona. Kikapu kinaanguka. Mama anafungua mdomo kumwita, mtoto anasita, na umeme ukakatika. Haikuwa mara ya kwanza. Kila filamu ile ilipowekwa, ilikatikia pale pale, na hakuna mtu Kamunyonge aliyejua kilichofuata.

Watu wakaanza kuzomea. Ndipo Tabitha akafunua turubai mlangoni ili mwanga uingie, akapanda juu ya benchi, akakohoa kama wanavyokohoa wakurugenzi.

"Ndugu wadau," akasema, "tuna changamoto. Vyura wana shirika lao. Miti ina shirika lake. Patamu pa sinema panakufa kila siku mbele ya macho yetu, na hakuna anayelia. Leo tunaunda la kwetu."

Kelele za kuzomea zikageuka kicheko. Jina likapatikana hapo hapo, Shirika la Kuhifadhi Patamu pa Sinema, na kifupi chake, SHIPASI, kwa sababu walisema shirika lisilo na kifupi ni kikundi cha ngoma tu. Kaulimbiu ikawa: Umeme hukatika, patamu hapakatiki. Mwenyekiti akawa yeye, bila kura. Halafu mtu mmoja wa nyuma akauliza jambo la maana: basi shirika lituambie, pale stesheni ilikuwaje?

Aliyejibu alikuwa Tereza. Tereza alikuwa anakaanga samaki nje ya mlango wa banda, na kila mtu pale alijua habari zake. Mwanawe, Boniphace, alikwenda kuchimba dhahabu Buhemba. Kutoka Buhemba akasikika Geita, kutoka Geita akasikika mbali zaidi, halafu hakusikika. Namba yake ya simu ilipokelewa na mtu mwingine, mwanamke mwenye adabu, aliyesema kwamba hamjui.

Tereza alifuta mikono kwenye khanga, akaingia katikati ya banda, akawa yule mama. Akaita jina. Halikuwa jina la cheo wala la ubatizo. Aliita jina la nyumbani, la lugha yetu, lile ambalo bibi humnong'oneza mtoto kabla hajapelekwa kanisani, ambalo bosi wako halijui na kituoni polisi hawaliandiki. Kisha akahama upande wa pili, akawa mtoto. Alisimama akiwa amewapa watu mgongo. Akavua kofia ambayo haikuwapo, akaishika kifuani, akasema bila kugeuka:

"Nani huku anajuaga jina la nyumbani?"

Umeme uliporudi, Tabitha aliiacha televisheni imezimwa, na watu wakaenda zao.

Tangu siku hiyo shirika lilifanya kazi kwa namna ambayo angeweza kuibuni tu mtu aliyekulia kwenye ng'ombe. Diski zinakwaruzika, flashi zinaingia virusi, umeme ni kama ulivyo. Basi Tabitha akavigawa vipande kwa watu, kama baba yake alivyowagawa ng'ombe wake, kila mmoja atunze cha kwake mwilini na kichwani. Tereza alibaki na stesheni. Mdogo wake Tabitha, Felisian, ambaye alikuja kutoka Butiama siku za mnada, alipewa mzee wa Kichina anayepiga watu huku amekaa, bila kumwaga chai yake. Danford, aliyekuwa kijana wa sekondari kutoka Bunda mwenye maneno mengi, alipewa jaji anayevua wigi lake katikati ya kesi na kushuka kusimama kizimbani. Mimi nilipewa kidogo: mwanamke anayefunga dirisha polepole wakati gari la mumewe linaondoka. Hakina neno hata moja. Ninacho hadi leo.

Sheria zilikuwa zile zile za zizini. Maziwa ni yako, yaani kicheko cha watu, na sahani utakayoongezewa harusini baada ya kuwaonyesha. Ukiongeza neno au ishara mpya, huyo ni ndama, unapeleka habari kwa mwenyekiti. Ukihama mji, unakabidhi. Na ukisahau kipande chako, unakuja mbele ya watu kuonyesha kilichobaki, hata kama ni mkono mmoja ulioinuliwa. Hicho kilichobaki ndicho ngozi.

Mkutano mkuu ulifanyika kila mwaka baada ya mavuno. Palikuwa na meza kuu yenye kitambaa, maua ya plastiki, na chupa ya maji mbele ya kila kiongozi, ingawa viongozi walikuwa na kisima nyuma ya banda. Kiti cha mgeni rasmi kiliwekwa katikati. Mgeni rasmi hakuwahi kualikwa, lakini tulimsubiri kila mara, tukiangalia barabarani na kuulizana amefika wapi, maana Tabitha alisema mkutano usiomsubiri mgeni rasmi hauwezi kuitwa mkutano. Kisha taarifa ilisomwa. Mwaka mmoja ilielezwa kwa huzuni kwamba shirika limepoteza mtu anayeruka kutoka darajani, kwa sababu mtunzaji wake ameokoka. Felisian aliuliza kama kuna mbegu iliyobaki. Tulicheka hadi machozi, na baadaye, nikiwa peke yangu, mara nyingi nilifikiri kwamba sikuwa nimekaa mahali popote pengine ambapo watu walikuwa wanatunza kitu kwa uangalifu namna ile.

Danford alikwenda kusoma Mwanza. Alikabidhi? Hakukabidhi, kwa sababu alisema atakuwa anarudi, na kweli alirudi, na kwenye mikutano miwili mitatu alituonyesha jaji wake akiwa ananenepa. Baadaye akafungua ofisi Bunda, yenye bango. Siku moja akaja Kamunyonge na kamera na vijana wa kushika taa, akasema anataka kuwarekodi watunzaji wote ili kazi isipotee. Watu walidhani ni utani wa shirika unaendelea. Walivaa nguo za kanisani. Tereza alirekodiwa pale pale mlangoni kwake, karai la mafuta likitoa moshi nyuma yake. Tabitha alimpikia Danford sato, akamwita Mkurugenzi, na wote wawili wakacheka. Ikiwa alikosea, alikosea hapo tu: aliamini kwamba mtu aliyekulia ndani ya utani atautambua akikutana nao.

Halafu tukaletewa kadi za uzinduzi, kwenye hoteli moja kando ya ziwa, Musoma mjini.

Jina lilikuwa limebadilika. Sasa ulikuwa Mfuko wa Urithi wa Sinema, Danford akiwa mkurugenzi wake. Meza kuu ilikuwa na kitambaa, maua ya plastiki na chupa za maji. Sisi tulipangiwa viti vya nyuma, safu yenye karatasi iliyosema Wanufaika, na fulana zetu mapajani. Mgeni rasmi, ofisa mmoja mtu mzima, alichelewa sana, na Felisian aliniambia kwamba angalau hapo wametuiga vizuri.

Danford alivaa suti nyeusi na alizungumza vizuri. Hilo siwezi kumnyima. Alieleza hatari inayoukabili urithi wa sinema vijijini. Alisema wadau, alisema changamoto. Nilimtazama mdomo nikisubiri ucheke kidogo pembeni, walau mara moja, ili tujue kwamba anakumbuka maneno hayo tuliyapata wapi. Haukucheka.

"Hapo zamani," akasema, "kule Kamunyonge palikuwa na kikundi kidogo cha mzaha. Kilianzishwa na akina mama, nasi tunakitambua. Lakini kikundi hicho kilikufa kifo cha kawaida. Sisi tumekuja kuokoa kilichobaki."

Felisian hajui kunong'ona. "Kimekufa lini?" akauliza. "Mbona ngozi hatujaiona?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Danford akaendelea, kwa kuwa programu ilikuwa imefika kwenye picha. Taa zikapunguzwa, na ukutani akatokea Tereza, mkubwa kuliko alivyopata kuwa, na karai lake na moshi wake. Chini yake yalikuwa maneno: Toleo la mtaani. Tereza wa ukutani aliita jina la nyumbani, akavua kofia yake isiyokuwapo, akauliza swali lake. Wageni wakacheka kwa upole, kile kicheko ambacho watu humpa mtoto anayecheza kuwa daktari. Tereza mwenyewe, kando yangu, alikuwa ameketi wima na mikono juu ya fulana.

Kisha yakaja maneno mengine: Toleo sahihi. Danford alikuwa ameitafuta filamu yenyewe na kuipata, safi, haina mkwaruzo. Jenereta la hoteli lilinguruma vizuri nje. Umeme haukukatika. Kwa mara ya kwanza maishani mwetu tukapaona pale stesheni hadi mwisho. Kikapu kinaanguka. Mama anafungua mdomo, anaita, na chini inaandikwa: Inspekta! Mtoto anasita, anageuka, anamtazama usoni. Chini inaandikwa: Mama, umenifananisha. Anamwekea sarafu kiganjani, anakwenda zake, treni inapita, mama haonekani tena.

Danford akashika kipaza sauti akasema kwamba, kama wageni walivyojionea, moja ya malengo ya Mfuko ni kusahihisha upotoshaji wa namna hii kabla haujarithishwa kwa kizazi kijacho.

Upotoshaji. Nimelitafakari neno hilo kwa muda mrefu na kila nikilifikia ninachoka upya. Danford alimjua Boniphace. Walikaa benchi moja. Alijua kwa nini mama yule wa stesheni, akiwa mikononi mwa Tereza, huita jina analoita. Alimleta mwanamke huyu, akamkalisha nyuma, akamwonyesha mbele za watu mtoto anayesema umenifananisha, na akaita jambo hilo sahihi. Wapo watakaosema hakukusudia. Mimi nadhani mtu mwenye kipaza sauti anapaswa kukusudia.

Tereza hakulia. Alimwinamia Tabitha, na kwa kuwa nilikuwa katikati yao nilisikia.

"Amemwita jina la kazini," akasema. "Angemwita la nyumbani, yule angegeuka vingine."

Tabitha akasimama. Ni mwanamke mfupi, na wa mbele walilazimika kugeuza viti.

"Danford," akaita. Hakutanguliza cheo. "Umesema limekufa."

Danford alitabasamu, akamwomba mama avumilie, maswali yangekuja baada ya chakula.

"Mimi siulizi swali. Mimi ndiye niliyekupa. Nilikupa jaji akiwa hai, mbele ya watu, na wengine ndio hawa umewakalisha huku. Kama amekufa, nipe ngozi yake niende."

Kicheko kikapita ukumbini, cha wale waliofikiri ni sehemu ya burudani. Danford naye alifikiri kicheko kile kiko upande wake. Hapo ndipo alipokosea kosa ambalo mtu wa mbali asingeliona hata kama angesimama juu yake.

"Mama, tuheshimiane," akasema. "Hapa hatuko kwenye mambo ya ng'ombe."

Musoma unaweza kusema mengi mbele za watu na ukasamehewa. Lakini katika chumba kile, kuanzia mgeni rasmi hadi waliokuwa wanapanga sahani, ni wachache sana ambao hawakuwa na ng'ombe wao, au wa baba yao, aliyesimama wakati ule katika zizi la mtu mwingine, amelindwa na neno tu. Wote walikuwa wamemsikia mtunzaji akiambiwa alete ngozi, naye akijibu kwamba ng'ombe si hoja. Mgeni rasmi alikuwa anatazama simu yake. Aliilaza mezani kifudifudi.

"Mjibu mama," akasema.

Danford aliziangalia karatasi zake. Ni mtoto wa Bunda, na najua alielewa. Alishuka jukwaani. Nilidhani anatoka nje. Badala yake alisimama mbele ya safu yetu, akainua mikono miwili kichwani, akavua wigi ambalo halikuwapo. Alilivua kama tulivyolijua, kwanza upande wa kushoto, akalitazama kwa ndani, akalipuliza vumbi. Akatembea hatua za jaji mzee mwenye magoti mabovu hadi kizimbani, ambacho kilikuwa mgongo wa kiti changu. Akashika ukingo wake.

"Sasa mnaweza kuanza," akasema kwa sauti ya jaji. "Mshtakiwa amefika."

Alikuwa nacho chote. Hakupoteza hata pumzi moja, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka vile vile kama zamani, pale vinapopaswa kutetemeka. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko fulana. Angekuwa amesahau ningemwonea huruma, ningesema shule imemfuta. Kumbe alikuwa amemtunza vizuri muda wote, alijua thamani yake, na bado aliweza kusimama juu na kutangaza kifo.

Tabitha alimsikiliza hadi mwisho.

"Nimempokea," akasema. "Amenenepa, umemtunza. Sasa kwako hakuna ng'ombe wangu."

Baadhi ya wageni walipiga makofi, hawakujua walichopigia. Kwetu hayo ndiyo maneno yanayofunga urafiki wa nyumba mbili. Baada yake hamsindikizani tena misibani. Danford alibaki ameshika kiti changu hadi nilipoinuka. Tabitha alikunja fulana yake vizuri, akaiacha juu ya kiti, nasi tukakunja za kwetu. Felisian peke yake aliondoka na ya kwake. Alisema itafaa kupigia deki.

Nisimdanganye mtu kwamba mambo yalinyooka. Chakula kililiwa, hotuba ikasomwa. Bango liko Bunda hadi leo na Mfuko unaendelea vizuri, wanakwenda makongamano. Picha ya Tereza na karai lake ipo huko mtandaoni, na maneno yale yale chini yake. Tabitha alipokwenda kuomba yafutwe, alipokelewa kwa heshima, akaambiwa aache maoni yake. Hana la kuwafanya. Alichoweza ni kuchukua alichokuwa amewapa, na hicho alikichukua.

Lakini asubuhi iliyofuata uzinduzi nilipita Kamunyonge kumwona, nikamkuta ameketi mlangoni mwa banda akichambua mchele, na kwa jinsi alivyokuwa anautupa mchanga nilijua hajalala. Tereza akaja akitokea upande wa ziwani, hajawasha hata jiko.

"Mwenyekiti," akasema, "nimekuja na habari. Amezaa."

Tabitha hakuinua kichwa. "Dume au jike?"

"Sijamjua bado. Mtazame wewe."

Akaingia ndani ya banda. Tukamfuata, tukakaa kwenye yale mabenchi yanayoumiza. Akawa mama wa stesheni, kikapu kikaanguka. Lakini safari hii alimwita kwanza mtoto kwa cheo: Inspekta. Akahama upande, akawa mtoto, akageuka, na kwa sauti baridi niliyoisikia jana ukutani akasema, mama, umenifananisha. Akatoa sarafu, akaiweka kiganjani. Akaondoka. Alitembea kweli, akapita mabenchi, akafika mlangoni, akatoka hadi barabarani, nikadhani ameishia hapo. Kisha akarudi haraka mahali pa mama. Akaitazama sarafu. Akaifumbata. Na ndipo, akiwa ameshafananisha, ameshakataliwa, ameshalipwa, akaita jina la nyumbani.

Akaenda tena mlangoni, akasimama akiwa ametugeuzia mgongo. Pikipiki ikapita nje. Mtu akamsalimia kutoka barabarani, naye hakuitikia. Alisimama muda mrefu kuliko alivyokuwa akisimama zamani, hata sikuwa na hakika tena kama swali lile litakuja. Mkono ukapanda taratibu, ukavua kofia.

"Nani huku anajuaga jina la nyumbani?"

Tabitha alikaa na ungo wake mapajani. Alimtazama Tereza pale mlangoni kwenye mwanga, akafuta pua kwa pindo la khanga.

"Jike," akasema. "Na huyu hapelekwi Bunda."